Kabla ya Straiki, Jifunze Spea

Ingia ukumbi wowote wa bolingi, uwe wa Nairobi au wa Dubai, utaona jambo lilelile. Straiki, yaani pini zote 10 kuanguka kwa mpira wa kwanza, ikipigwa watu wanashangilia na kugongana viganja. Spea, yaani kuzimaliza pini zilizobaki kwa mpira wa pili, ikipatikana hakuna anayegeuza shingo. Naamini hapo ndipo wachezaji wengi wanapopotea. Wanahangaika miezi na miezi kuukunja mpira, yaani kuufanya ujipinde njiani, kama walivyoona kwenye video, huku pointi zao zikivujia kwenye pini moja au mbili zilizobaki wima.

Piga hesabu. Mchezo una fremu 10, yaani zamu 10 za kuangusha pini. Ukiangusha pini 9 kila fremu na kuikosa ile iliyobaki, unamaliza na 90. Ukiangusha 9 hizohizo kwa mpira wa kwanza, kisha ukaimaliza iliyobaki kila mara, unapata 190, kwa sababu spea inakupa 10 pamoja na pini za mpira unaofuata. Pointi 100 zaidi, na hujapiga straiki hata moja!

Pini inayowatesa wanaotumia mkono wa kulia ni ya 10, ile ya kona ya nyuma, kulia. Wengi husimama upande uleule wa kulia na kuuviringisha mpira ukiambaa na mfereji wa pembeni. Leni, yaani njia ya mpira, ina upana wa kama sentimita 105 tu, na kutoka mstari wa faulo, ule usioruhusiwa kuuvuka unaporusha, hadi pini ya kwanza ni mita 18 na ushei. Mpira ukienda kombo kidogo, umeshaingia mferejini. Simama kushoto kabisa, geuza mabega yaitazame ile pini, kisha ukate leni kwa mshazari, mpira upite karibu na mshale wa katikati kati ya ile iliyochorwa kwenye leni. Kwa njia hiyo unaupa mpira nafasi ya kukosea kidogo na bado ukafika. Pini ya 7, ile ya kona ya nyuma, kushoto, ni kinyume chake.

Na mpira wa spea uende moja kwa moja. Weka kiganja nyuma yake, usizungushe kifundo cha mkono. Ile mipira ya plastiki ya ukumbini ambayo watu wanaidharau ndiyo inayofaa hapa, maana haiing'ang'anii leni sana. Wachezaji wengi wa kulipwa hubeba mpira wa plastiki kwa kazi hii tu. Uzito? Chagua unaoweza kuubembeza bila kuukaba kwa vidole. Kilo 7.26 ni kikomo cha sheria, hulazimiki kukifikia.

Macho nayo yasikimbilie pini. Mishale iko mita 4 au 5 tu mbele yako, na kulenga kitu cha karibu ni rahisi kuliko cha mita 18.

Najua vijana watanitajia Jason Belmonte, Mwaustralia anayerusha kwa mikono miwili na kuukunja mpira vikali, mwenye mataji makubwa 15. Ninamheshimu sana. Lakini alianza akiwa mtoto mdogo, katika ukumbi wa wazazi wake, mpira ukiwa mzito mno kwa mkono mmoja. Ule mtindo umekua naye. Mimi ningemwonyesha anayeanza Walter Ray Williams Jr., Mmarekani aliyetwaa mataji 47 ya PBA, chama cha wachezaji wa bolingi wa kulipwa, na kuwa mchezaji bora wa mwaka mara 7. Mpira wake haukuwa wa mikunjo mikubwa. Shabaha ndiyo iliyombeba. Mtu huyohuyo alikuwa bingwa wa dunia wa mchezo wa kurusha viatu vya farasi kwa kulenga kigingi, na hilo halinishangazi hata kidogo.

Zoezi ninalolipendekeza ni hili: pini zote 10 zikiwa zimesimama, lenga ya 10 peke yake. Fremu inayofuata, ya 7 peke yake. Ukiangusha na ya pembeni yake si neno, lakini ukigusa ya kwanza, hesabu umekosa. Cheza mchezo mzima hivyo bila kutazama ubao wa pointi, halafu ndipo uanze kuhesabu.