Impreza ya kwendea kazini: kuishusha au kuiacha?

Wenye Subaru Impreza hapa Dar wana ubishi usioisha. Umenunua STI, Impreza ile ya kispoti, ya mwaka 2004, shokapu zimechoka, gari linalala kwenye kona kuliko unavyotaka. Ufunge koilova, yaani shokapu na springi zilizofungwa pamoja na ambazo kimo chake kinarekebishwa, ulishushe, au urudishe shokapu za urefu ule ule lililotoka nao kiwandani? Nimekaa pande zote mbili. Langu lilitembea na koilova mwaka mmoja na nusu, likiwa chini kwa sentimeta 4, na kila siku ya kazi lilinitoa Kibaha hadi mjini na kunirudisha. Sasa limerudi kwenye kimo chake cha zamani. Hata hivyo nitaanza na hoja za wanaotetea koilova, maana nyingi ni za kweli.

Magari haya yamezeeka. Mbele STI ilikuja na shokapu za kupinduliwa, ambazo silinda yake nene ndiyo inayopanda na kushuka, kwa hiyo haipindiki ovyo gari likibanwa kwenye kona. Ni shokapu nzuri sana, ila mpya bei yake inauma, na za mtumba kutoka Japani ni bahati nasibu: unaletewa pea, moja nzima, ya pili imeshavuja mafuta. Koilova za kina Tein na BC Racing unazipata mpya zote nne kwa mkupuo, na moja ikifa unaagiza hiyo moja tu. Halafu kuna raha yake. Ukikata usukani gari linaingia kona palepale, pua hainyanyuki unapokanyaga mafuta, na kwenye lami nzuri ya alfajiri, kabla malori hayajaamka, unahisi barabara viganjani. Asiyewahi kuionja raha hiyo asiwaambie wenzake kwamba wanafuata muonekano tu.

Tatizo linaanzia kwenye nafasi. Shokapu ina umbali fulani wa kupanda kabla haijagonga stopa, ule mpira wa mwisho. Nishati ya pigo ambayo springi inaweza kumeza hukua kwa mraba wa umbali huo. Maana yake, ukiipunguza nafasi kwa nusu, ili umeze pigo lile lile unahitaji springi ngumu mara nne. Koilova nyingi za gari hili huja na springi za kilo 7 au 8 kwa milimita upande wa mbele, karibu mara mbili ya za kiwandani. Mara mbili haitoshi kulipa deni la mara nne. Kinachobaki kinalipwa na stopa, na baada ya stopa ni bodi yenyewe.

Niliyaona hayo kwa macho. Fundi mmoja wa Ilala aliniambia nichukue kebo tai, ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, niikaze kwenye rodi ya shokapu hadi iguse mdomo wa silinda, kisha niende kazini kama kawaida. Shokapu ikipanda, silinda inaisukuma kamba. Ikishuka, kamba inabaki pale ilipofikishwa. Sikupitia njia mbaya, sikukimbia. Nilikuwa sijamaliza hata wiki moja kwa kamba hiyo, lakini jioni ya siku ya kwanza tu tulipong'oa tairi tuliikuta imebanwa hadi kwenye stopa, mbele zote mbili. Stopa ya kushoto, upande wa ukingo wa lami ambako mashimo ndiko yanakozaliwa, ilikuwa imesagika. Unaigusa inabaki vidoleni kama unga. Kumbe lile ninaloliita gari gumu, lililokaza kispoti, sehemu yake kubwa halikuwa springi wala shokapu. Lilikuwa mpira uliokufa.

Jambo la pili ni gumu kulieleza lakini ndilo lililonibadilisha mawazo. Kizazi hiki cha Impreza kina strati, yaani shokapu inayoshika gurudumu kwa juu, mbele na nyuma, na gurudumu la mbele linashikwa kwa chini na mkono mmoja. Kwa kimo cha kiwandani mkono ule umelala karibu sawasawa na ardhi. Ukilishusha sana gari, mkono unageuka, upande wa tairi unakuwa juu kuliko upande wa bodi. Hapo kile kitovu ambacho bodi inakizunguka likilala kwenye kona kinadidimia upesi kuliko kitovu cha uzito wa gari kinavyoshuka. Wenzo kati ya viwili hivyo unarefuka, na gari linataka kulala zaidi, si pungufu! Springi ngumu ndizo zinazoificha hali hiyo. Kwa hiyo mtu anasifia kimo cha chini, na anachokisifia hasa ni ugumu wa springi, ambao angeupata pia bila kushusha. Dawa ipo, boljointi ndefu zinazorudisha pembe ya mkono, lakini waliofunga koilova na kuzikumbuka boljointi ni wachache niliowaona.

Kuna na zile kliki za kurekebisha ugumu, ambazo watu huzigeuza kana kwamba mwisho wake ndio bora. Shokapu ikikazwa mno inachelewa kurudi. Ukipita kwenye rasta kabla ya kivuko cha watembea kwa miguu, tuta dogo la kwanza linaibana, na kabla haijajinyoosha la pili limefika, la tatu, la nne. Gari linazidi kukaa chini kila hatua, tairi inashika lami kwa kubahatisha, na mbele yako kuna wanafunzi wanavuka. Hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu kliki tatu au nne nyuma zingeliondoa, bila gharama.

Wapenzi wa gari hili hujivunia mbio za magari, na wana haki. Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Ila magari yale ya Safari yalinyanyuliwa, yakapewa saspensheni ya kutembea umbali mrefu, kwa sababu kwenye njia zile tairi isiyogusa ardhi haina kazi.

Sasa nani anunue nini? Anayeendesha kila siku, ana familia ndani na bajeti moja, mimi ningemwambia aanze na bushi za mikono ya chini, kisha shokapu mpya za urefu wa kiwandani. Kampuni kama Bilstein wanatofautisha wazi: B6 ni ya kimo cha kawaida, B8 ni fupi, ya gari lililoshushwa. Ukikosea ukachukua fupi kwa springi ndefu, umejinyima nafasi upande wa pili, ule wa gurudumu kushuka. Stabilaiza nene ya nyuma, ile fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ili gari lisilale, inasaidia sana pua inayokataa kugeuka, ingawa ikizidi unene, shimo la gurudumu moja linaupiga na upande wa pili. Rimu zibaki inchi 17. Tairi ya 225/45 ina ukuta wa milimita 101. Ukienda 18 na 225/40 unabaki na 90, na ukuta huo ndio springi yako ya kwanza.

Koilova zinamfaa anayeingia kwenye mashindano ya mwisho wa wiki, au yule ambaye shokapu zake zimekufa zote na hapati nzima. Huyo achague zile ambazo kimo kinarekebishwa kwa kuzungusha mguu wa chini wa shokapu, si kwa kulegeza springi, maana hapo gari linapanda au kushuka bila kugusa safari ya rodi. Alishushe sentimeta 1, isizidi 2, aweke kliki katikati, afunge kebo tai, aendeshe wiki nzima kwa njia zake za kawaida akiwa na abiria wake wa kawaida. Kamba ikikutwa imegusa stopa, anyanyue.