Uwanja wa maonyesho

Ukimwambia shangazi yangu kwamba unakwenda kwenye maonyesho, atakuuliza kama umebeba blanketi. Ni utani, ila si wote. Januari 2008 yeye na maelfu ya wengine walilala kwenye Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru, pale pale tulipokuwa tukipelekwa utotoni kuangalia ng'ombe wa maziwa na matrekta mapya. Safari hiyo kulikuwa na mahema, foleni ya maji, na watu waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi kutoka kila pembe ya Bonde la Ufa. Shangazi alifika na kichwa cha cherehani. Meza na pedeli alivifanyaje? Aliviacha. Cherehani nzima haibebwi na mtu anayekimbia.

Hayo yote yalinirudia wiki iliyopita, rafiki yangu aliponitumia mwaliko: wasanii waje na kazi kuhusu misukosuko na mabadiliko. Kurasa nne za Kiingereza kitupu. Wanataka maelezo ya dhana, maneno mia tano, na picha zenye ubora wa juu, na muda ni wiki tatu. Malipo ni kule kuonekana tu. Nilicheka kidogo, halafu nikasoma tena, kwa sababu nia yenyewe ni njema na mialiko ya namna hii haiji kila siku. Sitaki kumkatisha mtu tamaa. Ila nina neno.

Kwanza, hebu jaribu kuuandika mwaliko huo kwa Kiswahili. Utaitaje hiyo misukosuko? Ukimwambia Mzanzibari "mapinduzi", tayari ana tarehe kichwani, 12 Januari 1964, na siku ya mapumziko juu. Ukimwambia Mkenya wa rika la baba yangu "mageuzi", anakumbuka maandamano ya Saba Saba ya 1990 na kelele za kudai vyama vingi. Shangazi hatumii hata neno moja kati ya hayo. Yeye husema "wakati wa vita", basi, na kila aliye mezani anajua ni vita gani. Kiswahili hakikuachi hivi hivi, kinakuuliza: yapi hayo, na lini? Kile Kiingereza cha kurasa nne hakiulizi. Ndiyo maana mtu anaweza kuleta rangi zilizovurugwa kama chai ya maziwa, akaipa jina refu, na hakuna atakayemuuliza anazungumzia siku gani.

Kuna neno bora zaidi, na tayari lilikwisha kutumika kwa kazi hii hii. Lubumbashi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, katika miaka ya 1970, michoro iliyotundikwa kwenye sebule za wafanyakazi wa migodi na makarani ilikuwa ukumbusho. Mchoro haukununuliwa uendane na rangi ya makochi. Ulinunuliwa umkumbushe mtu. Mmoja uliopendwa sana ulionyesha mfungwa anachapwa viboko mbele ya ofisa wa Kibelgiji, bendera juu, watu wakitazama. Mgeni akiingia, akiketi, macho yake yanaangukia hapo, na mazungumzo yanaanza yenyewe: babu yako alipigwa wapi, wa kwetu alipigwa hivi.

Mmoja wa wachoraji hao aliitwa Tshibumba Kanda Matulu. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake, michoro 101, mingi juu ya nguo ya magunia ya unga. Kilichonigusa mimi ni namna alivyoikabidhi. Hakuandika maelezo ya dhana. Aliketi, kinasa sauti kikiwashwa, akasimulia mchoro mmoja baada ya mwingine, kwa Kiswahili cha kule Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Alipofika kwenye kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito, wa tarehe 17 Januari 1961, alikuwa ameweka misalaba mitatu kwa mbali nyuma ya miili. Hakuna Mkristo wa Katanga ambaye angehitaji kufafanuliwa.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani alipo. Michoro ile ikaishia kwenye jumba la makumbusho Amsterdam. Imetunzwa vizuri, sikatai. Lakini fikiria: ukumbusho ulioandaliwa sebule za Lubumbashi, umekaa mahali ambapo anayeingia hana babu aliyechapwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua wenzangu wengine watanuna. Maonyesho kuhusu misukosuko hayaandaliwi ili michoro ionekane. Yanaandaliwa ili watu waseme. Kama waliopitia jambo lenyewe hawawezi kuufikia mlango, au wakiufikia wanaona aibu kuingia na viatu vyao, bora fedha zile zikanunue mahindi.

Kuna waliolifanya hili vizuri. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora maisha ya Yesu ukutani mwa kanisa la ukumbusho la Murang'a mwaka 1959, wakati majeraha ya Mau Mau bado mabichi, na akamfanya Yesu mwana wa milima ile ile. Wanaosali pale bado wanakaa mbele ya kazi hiyo. Hawakulipa kiingilio. Na mwaka 2008 pale Kibera, kijana Solomon Muyundo, ndiye Solo7, alichukua brashi na kuanza kuandika kwenye kuta na milango kwamba amani inatafutwa ikiwa hai, kama tangazo la polisi la kumsaka mhalifu. Hakuna aliyemwalika. Mwaka uliofuata ikaja Picha Mtaani: picha za ghasia za uchaguzi, kazi ya Boniface Mwangi na wapigapicha wenzake, zikatundikwa barabarani, Nairobi kwanza, halafu miji mingine. Mtu anatoka kununua mkate anakutana na panga. Watu walisimama, wakabishana, wengine wakalia mbele ya wapita njia.

Hapo najua swali linalokuja: je, huko si kutonesha kidonda? Wakati mwingine ndiyo. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na ndugu zao wapo mabasini humu pamoja nasi. Sidhani jibu ni kuficha picha. Nadhani jibu ni kuweka viti, maji ya kunywa, na mtu mzima mwenye masikio karibu na picha. Galari nyingi huweka mvinyo.

Kitu kingine, mwaliko ni ahadi. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024 rafiki yangu aliitikia mwito wa kazi kuhusu mabadiliko, katika ukumbi mmoja ambao nitauacha bila jina. Alichora viatu tu: buti za askari upande mmoja, raba za vijana upande mwingine, na raba moja haina mwenzake. Siku mbili kabla ya ufunguzi akaambiwa kwa upole sana kwamba wapo wageni ambao wangeona vibaya. Mchoro ukapelekwa kwenye korido, karibu na choo. Kama hutaki buti, usiwaite watu waje kusema kuhusu mwaka 2024. Andika wazi kwamba unataka maua, na wapo wachoraji hodari wa maua.

Isitoshe, sanaa kubwa ya mwezi ule haikuwa na fremu. Ilikuwa maneno ya kalamu nene kwenye vipande vya katoni, yaliyoandikwa asubuhi na kulowa maji ya kuwasha jioni. Nani ameyatunza? Mwaliko wenye akili ungewaita na hao pia, wenye katoni chini ya kitanda, wasiojiita wasanii.

Kama ningeombwa ushauri, na sijaombwa, ningesema mwaliko uwe ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo fundi wa mabango pale Gikomba anaisoma bila kumwita mwanawe. Anayeona vigumu kuandika atume sauti, kama Tshibumba. Miezi mitatu, si wiki tatu. Nauli ilipwe, na fremu pia, maana fremu siku hizi ina bei kuliko rangi. Na baada ya mwezi mmoja mjini, kazi zisafiri hadi kule zilikochorwa habari zake, hata kama ukumbi ni wa chifu na taa zinapepesa.

Nasema hivi kwa sababu nilifanya makosa hayo mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilichora kile kichwa cha cherehani cha shangazi kikiwa juu ya nyasi za uwanja, bila meza, sindano juu, uzi mwekundu ukining'inia. Nilikipeleka Nairobi. Kilisifiwa. Bwana mmoja aliniambia uzi mwekundu una nguvu sana, ni damu ya taifa, nami nikaitikia kwa kichwa kana kwamba ndivyo nilivyokusudia. Hakikununuliwa. Nikakirudisha Nakuru kwa matatu, kimefungwa shuka, nikamtundikia shangazi kibandani kwake, juu ya meza ya kukatia.

Alikitazama muda mrefu.

"Mama, huu uzi si wenyewe," akasema. "Ilikuwa Januari. Nilikuwa nashona sare za shule. Ulikuwa wa bluu."

Sikuwahi kulijua hilo. Hakuwa amenisimulia kuhusu sare, wala kwamba vitambaa viliungua navyo vilikuwa vya watu waliokwisha kulipa nusu. Nikaenda kutafuta rangi ya bluu, nikarudi, nikapanda kwenye kigoda. Nilikuwa bado napaka uzi ule mteja mmoja alipoingia kupunguziwa suruali. Akasoma picha, akamgeukia shangazi, akaanza kucheka polepole.

"Kumbe ni hii. Mama, mimi bado nakudai sweta mbili."

Shangazi akavuta kigoda kingine, akamwambia aketi.