Tope la Titan Ndani ya Chombo

Kuna wanasayansi ambao kazi yao ni kutengeneza uchafu, tena kwa uangalifu mkubwa. Huchukua nitrojeni, huongeza methani kidogo, kama asilimia 5 hivi, kisha huupiga mchanganyiko huo umeme ndani ya chombo kilichofungwa. Baada ya muda kuta za chombo hushika utando wa kahawia, kama masizi ya koroboi darini. Carl Sagan na Bishun Khare wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliuita tholini mwaka 1979, kwa neno la Kigiriki linalohusu tope.

Tope hilo linaiga utusitusi wa anga la Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali. Chombo cha angani Voyager 1 kilipopita huko 1980 hakikuona ardhi, kiliona mpira wa rangi ya chungwa tu.

Ugomvi wangu ni na vichwa vya habari. Mwaka 2012 Sarah Hörst na wenzake, walipoongeza kaboni monoksidi, walikuta amino asidi, yaani matofali ya protini, na besi zote tano, yaani herufi za DNA na RNA zinazobeba maelezo ya urithi, bila kutumia maji. Jambo kubwa, sibishi. Lakini wengine wakasoma "uhai". Jamani, unga, sukari na iliki vikiwa kabatini, nani amekula maandazi?

Mimi huvutiwa zaidi na hila ambazo maabara hulazimika kufanya. Kule juu angani Titan gesi ni nyembamba mno, hapa maabara huongezwa ili kazi isichukue miaka. Kule kemia huendeshwa hasa na mwale wa jua, lakini taa nyingi za maabara haziwezi kuivunja nitrojeni, ndiyo maana watu hukimbilia umeme. Halafu kuna kuta. Titan haina kuta! Ufaransa walitengeneza PAMPRE, chombo ambamo chembe hukua zikielea ndani ya plazma, yaani gesi iliyochajiwa umeme. NASA Ames, kituo cha utafiti cha NASA, wao huipoza gesi hadi karibu nyuzi 120 chini ya sifuri kabla ya kuipiga umeme. Na ole wake anayefungua chombo ovyo: oksijeni ya chumbani huingia kwenye tope, na sampuli si ile tena.

NASA inapanga kurusha Dragonfly, helikopta isiyo na rubani, mwaka 2028, ifike Titan 2034 na kupima tope lenyewe. Mkinilazimisha kuweka dau, naweka kwamba hakuna chombo cha maabara hata kimoja kitakachokuwa kimepatia sawasawa, ila kile chenye chembe zinazoelea kitakuwa kimekaribia kuliko vingine.