Kodi Kwa Vina

Jamani, kuna mtu ataniuliza tena eti siku hizi nani asoma mashairi? Mimi hapa. Nasoma kwa lazima, tena asubuhi asubuhi. Mama mwenye nyumba wangu hadai kodi kama binadamu wengine, leo kanitumia voisi, nami nikaifungua ndani ya matatu nikidhani ni habari ya maji, sauti iko juu, gari zima likasikia:

Mwezi umeshaandama, na kodi sijaiona
Simu mchana wazima, nikibisha wajikana

Mzee wa kiti cha nyuma akasema, "Ahaa! Hebu irudie hiyo." Irudie! Makanga akazima mziki. Mama mmoja akataka kujua deni ni la miezi mingapi maana shairi halikusema. Nikajitia utu uzima nikawaeleza kuwa hiyo ni fani, malenga Muyaka bin Haji alikuwa Mvita hii hii, Mombasa yetu, akiwapasha Waunguja kwa beti enzi za watawala wa Mazrui. Makanga akasema Mazrui walikuwa na ngome, wewe lipa.

Sasa shairi hulijibu kwa maneno makavu, ushashindwa hapo. Tumekwama daraja la Nyali nikaandika: "Bi mkubwa kuwa na huruma, mshahara sijauona." Haikupita dakika. "Mwanangu, ukwapi umezidi mizani mbili, utao moja. Mizani wazidisha, kodi wapunguza?"

Yaani silabi zimezidi, mbili nusu ya kwanza ya mstari, moja nusu ya pili. Mtu mzima nahesabu kwa vidole, nane huku nane huku, yule mzee ati toa "kuwa na" utie "nina", kisha akaona bado, akasema basi sema "Bi mkubwa na huruma". Ikaingia nane sawasawa, ila sasa nimemsifu badala ya kumwomba! Na huruma gani bana, chumba bomba lakohoa tu, choo twagawana nyumba nzima, kodi yapanda, na ubeti wa hayo sijatumiwa hata siku moja.

Nyumbani nako mke kanunua leso, jina lake, yale maneno yaliyoandikwa, silisemi, najua lanilenga mimi. Mpwa wangu ati ushairi ni wa mtihani, ukipita watupa. Mwache aoe.

Tuktuk nazo zimejaa maneno nyuma na breki hazina.