Presha ya mapafu: korido ya mita 30 au katheta ya moyo?

Mama wa miaka thelathini na kitu anafika kliniki akihema kwa sababu ya ngazi chache tu, miguu imevimba. Anapimwa presha mkononi, inasoma 112 kwa 70. Anaambiwa presha yake iko vizuri, na hajadanganywa, ila kipimo kile hakijui lolote kuhusu presha ya mapafu. Hiyo imo kwenye mishipa inayopeleka damu kutoka upande wa kulia wa moyo hadi kwenye mapafu. Mishipa hiyo ikisinyaa na kuta zake zikinenepa, upande wa kulia wa moyo, ambao kwa kawaida husukuma damu kwa nguvu ndogo, hulazimika kusukuma kuliko uwezo wake mpaka unatanuka na kuchoka.

Zamani kugundulika na ugonjwa huu kulikuwa karibu sawa na hukumu. Rejista ya Marekani ya miaka ya 1980, iliyofuatilia aina isiyo na chanzo kinachojulikana, ilionyesha kwamba nusu ya wagonjwa walifariki ndani ya takriban miaka 2.8. Leo dawa zipo, tena za makundi kadhaa. Ubishi mkubwa kati ya watafiti sasa ni wa kupima: tutajuaje kwamba dawa inamsaidia mgonjwa, na tumfuatilie vipi anapoendelea kuitumia?

Kipimo kilichobeba utafiti huu kwa miaka mingi ni kutembea kwa dakika sita. Ni rahisi kiasi cha kutia shaka. Panatakiwa korido iliyonyooka ya mita 30, koni mbili za kuonyesha pa kugeukia, kiti pembeni, saa, na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Mgonjwa anatembea kwa mwendo wake. Akichoka anaruhusiwa kusimama, lakini saa haimsubiri. Muuguzi hatakiwi kutembea sambamba naye, maana atamvuta mwendo. Hata maneno ya kumtia moyo yamepangwa: kila dakika ikipita anamwambia anaendelea vizuri na zimebaki dakika kadhaa, basi, hakuna kushangilia. Mwishoni zinahesabiwa mita. Kwa mwongozo wa Ulaya wa 2022, aliyezidi mita 440 yuko kwenye hatari ndogo, na aliye chini ya 165 hali yake ni mbaya. (Hapa kwetu ugumu huanzia mbali zaidi: kupata mita 30 za korido ya hospitali ambazo hazijakaliwa na ndugu wa wagonjwa.)

Wanaokitetea kipimo hiki wana historia ya kuonyesha. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya epoprostenol, dawa inayotiririshwa mwilini usiku na mchana kupitia mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa. Wagonjwa walikuwa 81 tu, wakafuatiliwa wiki 12. Waliopewa dawa walitoka mita 315 wakafika 362. Wale wa matibabu ya kawaida walishuka kutoka 270 hadi 204. Katika muda huo walikufa watu wanane, na wote wanane walikuwa upande wa matibabu ya kawaida. Hapo mita na uhai vilikwenda pamoja, na ugonjwa adimu kama huu haukuhitaji maelfu ya watu wala miaka mitano ya kusubiri. Kwa njia hiyohiyo sildenafil, dawa ya vidonge, ilithibitishwa mwaka 2005 kwa wagonjwa 278 ndani ya wiki 12. Kuna hoja nyingine pia, ambayo wataalamu hawaitaji sana: mgonjwa mwenyewe anaielewa. Mita 50 za ziada ni tofauti kati ya kufika kisimani na kutofika.

Wapinzani nao hawasemi ovyo. Mwaka 2012 uchambuzi uliokusanya majaribio 22, yenye wagonjwa zaidi ya 3,000, ulikuta kwamba kuongezeka kwa mita hakukutabiri kupungua kwa vifo wala kulazwa. Uchambuzi mwingine wa mwaka huohuo ulikadiria kwamba mita zilieleza kama asilimia 22 tu ya faida ya dawa. Mtu mwenye goti bovu atatembea kidogo hata mapafu yakipona. Aliyekwisha kuzoea zoezi ataongeza mita bila dawa. Na kijana aliyekuwa anatembea mita 500 tangu mwanzo hana pa kuongeza, hata kama moyo wake umepumua.

Kwa hiyo majaribio yakabadilika. Lile la dawa ya macitentan, lililochapishwa 2013 na kuhusisha watu 742, lilihesabu matukio: kifo, kupandikizwa mapafu, kuanzishiwa dawa za mshipa, au ugonjwa kuzidi. Dozi ya miligramu 10 ilipunguza matukio hayo kwa asilimia 45, nambari iliyosifiwa mno. Lakini ukiifungua ndani, faida kubwa ilitokana na ugonjwa kutozidi; vifo peke yake havikutofautiana waziwazi. Sioni kama huo ni udanganyifu, kwani kuchelewesha ugonjwa ni jambo la maana. Ila msomaji wa kichwa cha habari anadhani kifo kimepunguzwa karibu nusu, na sivyo.

Dawa mpya ya sotatercept imepita njia zote mbili. Tofauti na zilizotangulia, ambazo kazi yake kuu ni kutanua mishipa, hii inalenga ule unene wa kuta zenyewe. Jaribio la STELLAR la 2023, lenye wagonjwa 323, lilirudi koridoni: mita 40.8 zaidi ya waliochomwa sindano isiyo na dawa, katika wiki 24. Kisha likaja ZENITH, kwa wagonjwa 172 walio hatarini zaidi ambao tayari walikuwa kwenye dawa nyingi kadiri walivyoweza kuzivumilia. Hapo kilichohesabiwa ni kifo, kupandikizwa mapafu na kulazwa, na hatari ya matukio hayo ikashuka kwa asilimia 76. Jaribio likasimamishwa mapema kwa kuwa ilionekana si haki kuendelea kuwanyima wengine. Wakosoaji wanakumbusha kwamba majaribio yanayokatizwa mapema huwa yanakuza faida kuliko ilivyo, na kwamba wagonjwa 172 ni wachache mno kufichua madhara ya miaka kumi, kwa dawa ambayo inajulikana kutoa damu puani, kupandisha wingi wa damu na kuacha vimishipa vyekundu kwenye ngozi. Nakubaliana nao juu ya madhara. Juu ya faida, asilimia 76 hata ukiikata nusu bado ni kitu.

Bei ndiyo inayofunga mjadala kwetu: dawa hii iliingia soko la Marekani mwaka 2024 kwa takriban dola 14,000 kichupa, na sindano ni kila baada ya wiki tatu.

Kuna swali la pili ambalo Ulaya limekwisha na Afrika ndipo linaanza: tutajuaje kwamba mgonjwa ana ugonjwa huu kweli? Kwa vigezo vya sasa, mtu ana presha ya mapafu ikiwa wastani wa shinikizo kwenye mishipa hiyo umezidi milimita 20 za zebaki, na kipimo cha kuaminika ni katheta: mpira mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa shingo au wa paja hadi moyoni. Pasipo katheta ni kukisia kwa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Utafiti wa PAPUCO, uliosajili wagonjwa 220 katika nchi nne za Afrika, Msumbiji ikiwemo, ulitegemea zaidi eko kwa sababu katheta haikupatikana kirahisi. Ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa wetu presha yao ya mapafu inatokana na ugonjwa wa upande wa kushoto wa moyo, si mishipa ya mapafu yenyewe.

Hapo ndipo penye hatari. Ukimpa dawa ya kutanua mishipa ya mapafu mtu ambaye upande wake wa kushoto umeshindwa, unaongeza damu inayofika mahali isipoweza kutoka, na mapafu yanaweza kujaa maji. Selimundu imetoa somo kali zaidi. Watafiti wa Ufaransa mwaka 2011 walipima wagonjwa wa selimundu 398 kwa eko, na walioonekana kuwa na presha wakapelekwa kwenye katheta. Kati ya walioshukiwa na eko, robo tu ndio walikuwa nayo kweli. Kwa wagonjwa wote 398 ni asilimia 6. Na jaribio la kuwapa wagonjwa wa selimundu sildenafil, ambao shaka yao ilianzia kwenye eko, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa dawa walilazwa zaidi kwa maumivu. Katika nchi kama Tanzania, ambako kila mwaka huzaliwa maelfu ya watoto wenye selimundu, mtu hawezi kusema “tutumie eko tu, inatosha” akalala usingizi.

Lakini anayeshikilia katheta naye ajibu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam na mtambo wa Cathlab, wa kupitishia katheta, inao. Mgonjwa yuko Ukerewe. Kumwambia kila mwenye ugonjwa huu arudi kupitishwa mpira moyoni kila baada ya miezi ni kumfukuza kwa adabu. Na kwa nini arudi? Mwongozo uleule wa Ulaya unapanga hatari wakati wa ufuatiliaji kwa mambo matatu: mgonjwa anaweza kufanya kazi gani, ametembea mita ngapi, na kipimo cha damu cha NT-proBNP, kinachoonyesha moyo unavyolemewa, kinasema nini. Kwa maoni yangu mgawanyo uko wazi: katheta mara moja kabla ya kuanza dawa, bila njia ya mkato, kisha korido, damu na eko karibu na nyumbani. Anayedai katheta ya kila mara ananakili utaratibu wa jaribio la dawa kwenye kliniki, na anayetaka kuiruka hata ile ya kwanza anacheza na watu.

Dawa yenyewe kwa wengi itakuwa sildenafil, maana ndiyo ya bei nafuu. Dozi ni miligramu 20 mara tatu kwa siku, wakati vidonge vilivyojaa madukani ni vya 50 na 100, vya nguvu za kiume. Mtu anakata kipande kwa wembe juu ya sahani, na mama anayetumwa dukani kuinunua anatazamwa kwa jicho la pembeni. Faraja ni kwamba katika jaribio la 2005 dozi za 20, 40 na 80 zilitoa mita zinazokaribiana, 45 hadi 50, hivyo kipande kikizidi kidogo si balaa.

Kinachokosekana ni ushahidi kwa wagonjwa wetu. Kichocho cha ini ni chanzo kinachojulikana cha presha ya mapafu. Brazil, kwa kutumia katheta, waliikuta kwa asilimia 4.6 ya wagonjwa waliochunguzwa. Kanda ya Ziwa Victoria ina kichocho hichohicho. Ila STELLAR iliwaweka kando wenye presha ya mapafu iliyotokana na kichocho, na pia waliopata kutokana na VVU. Sababu zake za kisayansi zinaeleweka: mtafiti hutaka wagonjwa wanaofanana ili dawa isomeke vizuri, na baadhi ya dawa wanazotumia wagonjwa wa namna hiyo huingiliana na za presha ya mapafu. Ritonavir ya VVU hupandisha sildenafil mwilini hadi kiwango cha hatari, wakati rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Lakini hayo ndiyo mambo daktari wa Mwanza anayohitaji kujua, kwa sababu mgonjwa wake anaweza kuwa na kichocho na VVU kwa wakati mmoja. Jaribio la sildenafil kwa wagonjwa wa kichocho waliothibitishwa kwa katheta mara moja, wakafuatiliwa koridoni, lisingehitaji molekuli mpya wala dola 14,000 kwa kichupa. Lingehitaji mfadhili asiye na dawa ya kuuza.