Santuri za Mlango Mmoja na faili zisizofunguka
Mwenzangu kazini, kijana anayeandika programu vizuri kuliko mimi, aliniuliza juzi kwa nini nanunua santuri kuukuu wakati simu yangu inabeba nyimbo nyingi kuliko nitakazowahi kusikiliza. Tena santuri nyingine si za muziki hata kidogo: masomo ya Kifaransa, sauti za ndege, milio ya kupimia spika. Swali lake ni la haki, na hoja yake ina uzito.

Faili hunakiliwa mara elfu bila kupungua chochote. Santuri huliwa na sindano kila inapopigwa. Ukiisahau kwenye gari mchana hapa Mwanza, inapinda. Ikivunjika, basi.

Lakini nakala kamili ya kitu kisichofunguka inakufaa nini? Mwaka 2012 niliandika masomo ya hesabu kwa ajili ya shule moja hapa mjini. Faili zote ninazo, hazijapungua hata baiti moja. Programu iliyokuwa ikiyaendesha masomo hayo kwenye kivinjari ilikoma mwishoni mwa 2020, na leo ukiyafungua unaona kisanduku cheupe tu.

Santuri haihitaji mkalimani wa namna hiyo. Mfuo wake umepindapinda vilevile hewa ilivyotikisika siku mtu alipoimba. Jumapili moja nilimwonyesha binti yangu. Tulichukua sahani ya inchi 7 iliyokwaruzika, niliyoiokota sokoni Mlango Mmoja chini ya rundo la mikanda ya viatu. Tukakunja karatasi kama wanavyofungia karanga, tukachomeka pini kwenye ncha, nikaizungusha sahani kwa kidole juu ya penseli. Sauti ya mwanamume ikatoka kwenye karatasi, inahesabu kwa Kifaransa, mara nyembamba, mara nzito, kadiri kidole kilivyokwenda. Umeme hakuna, kompyuta hakuna.

Waliorusha vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977 walilijua hilo. Kila chombo kilibeba sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, pamoja na sindano yake na michoro ya kueleza inavyopigwa. Ndani mna salamu za lugha 55, Kiganda kikiwemo, lugha ya ng'ambo ya ziwa letu hili, na picha zaidi ya 100 zilizogeuzwa kuwa sauti. Mwaka huohuo jarida la kompyuta la Marekani, Interface Age, liliwapa wasomaji programu kwenye santuri laini ya plastiki: unaipiga, kompyuta inasikiliza.

Sisemi tuache faili. Santuri zangu zote nazigeuza faili, nakala moja nyumbani, nyingine kwenye seva, maana nyumba huungua na vitu huibwa. Ila mwenzangu aliponiuliza kama nikimaliza nitaziuza, nilimjibu hapana. Zimesimama wima kwenye rafu, ukuta usiopigwa na jua la jioni. Ile iliyokwaruzika binti yangu ameihamishia chumbani kwake, pamoja na pini.