Korongo nililolichimba kwa kalamu

Kuna korongo moja, urefu wake hatua kama arobaini, ambalo ni langu. Sikulichimba kwa jembe. Nililichimba kwa kalamu, nikiwa na miezi michache tu kazini, nilipochora mtaro wa kukinga maji juu ya shamba la mama mmoja nikasahau kujiuliza jambo ambalo hata mtoto angeuliza: haya maji yakishakingwa, yanakwenda wapi?

Mtaro wenyewe ulikuwa mzuri. Mteremko wake ulikuwa nusu asilimia kama kitabu kinavyotaka, tuta limeshindiliwa, nyasi zimepandwa juu yake kwa mstari. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja ulifanya kazi yake barabara. Uliyazoa maji yote yaliyokuwa yakitambaa kinyonge mlima mzima, ukayakusanya pamoja, ukayamwaga kwenye mpaka wa jirani. Asubuhi shamba la mama lilikuwa salama. Shamba la jirani lilikuwa na ufa wa kumficha mbuzi.

Ukipiga hesabu huwezi kushangaa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 40 ikinyesha kwenye hekta 2 zilizo juu ya mtaro, hizo ni lita 800,000. Tuseme nusu yake imezama ardhini. Bado umebakiwa na lita 400,000 ambazo zamani zilikuwa zikishuka kwa kutawanyika, na sasa zinatoka kwenye mdomo mmoja. Maji yaliyotawanyika hayana nguvu ya kutisha. Mimi niliyapanga foleni.

Jirani hakuja kugomba. Alikuja taratibu, akanisalimia, akasema, “Bwana shamba, haya maji ni yako. Njoo uyachukue.”

Nimefanya kazi ya hifadhi ya udongo na maji kwa miaka mingi tangu siku ile, na bado sijasikia tathmini ya mradi iliyo kali na ya haki kama hiyo. Kosa langu halikutokana na kutojua. Kitabu nilichokuwa nacho kwenye mkoba kilieleza wazi kwamba njia ya kutolea maji huandaliwa kwanza, huoteshwa nyasi, kisha huachwa msimu mzima zishike mizizi kabla ya mtaro wowote kuruhusiwa kumwagia humo. Niliruka hatua hiyo kwa sababu mwaka wa fedha wa mradi ulikuwa unakaribia kuisha, na hakuna ripoti yenye safu ya kuandika “tumesubiri nyasi ziote”. Safu iliyokuwepo ilisema: mita za mitaro zilizochimbwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Ukikaa kwenye semina zetu utasikia adui ni mvua zisizotabirika, au ni mkulima mbishi asiyeelimika. Mimi naona ugonjwa mkubwa wa fani yetu ni kupimwa kwa mita. Tunahesabu mita za matuta, miche iliyopandwa, na watu waliosaini karatasi ya mahudhurio. Hakuna anayerudi baada ya misimu mitatu kuangalia kama tuta bado lipo au limeshalimwa likawa sehemu ya shamba. Anayerudi hurudi kwa nauli yake.

Mtu akitaka kujua kama kazi yangu imefaa, nampeleka shambani asubuhi baada ya mvua, nampigisha magoti. Tafuta sehemu tupu yenye changarawe. Utaona kila kijiwe kimesimama juu ya kinguzo chembamba cha udongo, kama kofia juu ya kichwa. Kijiwe kimeukinga udongo ulio chini yake, na ule wa pembeni umeondoka. Urefu wa kinguzo ndio kimo cha udongo uliokwenda. Kama ni milimita 5, jambo ambalo halimshtui mtu yeyote, basi kwa makisio hekta nzima ya hali hiyo imepoteza mita za ujazo 50, yaani tani kama 65. Hayo ni malori tisa ya tani saba, na yameondoka bila kelele huku mwenye shamba akimshukuru Mungu kwa mvua.

Vinguzo hivyo vinafundisha jambo jingine ambalo picha zetu za mitaro zinalificha. Kazi ya uharibifu huanza pale tone linapogonga udongo, kabla maji hayajaanza kutembea. Tone kubwa la mvua hutua kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likikuta udongo mtupu linaupasua, chembe zinaruka, zile laini zinaziba vitundu vya juu, na punde ardhi inafanya utando mgumu usiopitisha maji. Ni baada ya hapo ndipo yanapoanza kukimbia. Tuta la kontua, yaani lililofuata mstari wa usawa kukatiza mteremko, linayasubiri yakiwa tayari yamebeba mzigo. Majani yaliyolala juu ya udongo yanalizuia tone lisipige kabisa.

Wataalamu tunalijua hili kwa namba. Ile kanuni ya kukadiria upotevu wa udongo, iliyotengenezwa Marekani na kina Wischmeier na Smith, huzidisha mambo sita: nguvu ya mvua, ulegevu wa udongo, urefu wa mteremko, ukali wake, kifuniko cha ardhi, na hatua za kuzuia. Mvua huwezi kuibadili. Udongo umeukuta. Lakini alama ya kifuniko huanzia 1 kwenye ardhi tupu na kushuka hadi 0.001 hivi chini ya msitu mnene. Kulima kwa kufuata kontua peke yake, kwenye mteremko wa wastani, hupunguza upotevu kama nusu. Kufunika theluthi moja tu ya ardhi kwa mabua hufikia nusu hiyo au kuipita, bila mtu kushika sururu.

Sasa niambie kwa nini bajeti zetu zimejaa sururu na koleo. Jibu langu, ambalo limewahi kunipotezea marafiki ofisini, ni kwamba mtaro unapigwa picha. Mgeni akija anasimama pembeni yake. Mabua yaliyoachwa shambani yanafanana na uvivu, na hakuna kiongozi atakayekata utepe mbele ya takataka.

Ila nisijifanye mwepesi. Niliwahi kumhubiria mzee mmoja asichome wala kutoa mabua shambani, nikamaliza, akaniuliza kwa upole, “Na ng'ombe wangu nimwambie nini?” Sikuwa na jibu. Kwa mfugaji, mabua ni chakula cha kiangazi, na hakuna somo la rutuba litakalomshinda ng'ombe anayelia zizini. Tulichokubaliana ni nusu kwa nusu, na matete juu ya matuta ili apate cha kukata. Kwenye ripoti yangu hilo lilionekana kama kushindwa. Kwenye shamba lake bado lipo hadi leo.

Wapo watakaosema nayadharau matuta. Hapana, nayapenda, na moja wapo linanipa kiburi. Fungua miongozo mingi ya Kiingereza ya fani hii, hata iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za mbali kabisa na sisi, utakuta maneno “fanya juu” yameachwa jinsi yalivyo kwa Kiswahili. Unachimba mfereji kwenye kontua, tuseme sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, na udongo unaurusha upande wa juu. Kurusha juu ni kazi ya kuvunja mgongo, ndiyo maana kuna na “fanya chini” ya waliochoka. Lakini uzuri wa fanya juu huonekana baadaye. Kila mvua inaleta udongo kidogo na kuuacha nyuma ya tuta, mahali pale panapanda, na baada ya miaka kadhaa mteremko umejigeuza ngazi wenyewe. Umeuajiri mmomonyoko ukujengee.

Linganisha na yaliyotokea milima ya Uluguru, kule Morogoro. Serikali ya kikoloni iliwaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi, ngazi kamili kwa mkupuo mmoja. Kwenye udongo mwembamba wa mlimani, kuchimba hivyo ni kuuleta juu udongo wa chini usio na rutuba na kuuzika ule uliokuwa ukilisha watu. Mazao yalinyong'onyea. Watu wakaambiwa waongeze bidii. Mwaka 1955 waliinuka kupinga, na mpango ukaachwa. Kwenye masomo yetu kisa hiki hutajwa, kikitajwa, kama suala la siasa. Mimi nakiona pia kama kosa la kitaalamu: wakulima walisoma udongo wao vizuri kuliko aliyekuja na vigingi.

Na Machakos, nchini Kenya, ambako nako amri na adhabu vilitumika enzi hizo hizo, ardhi ilipona baadaye kwa njia nyingine. Watu walichimba fanya juu wenyewe, kwa vikundi vyao, walipopata soko la mazao na kuona ngazi inalipa. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano na mmomonyoko ukapungua. Hesabu hiyo inapaswa kutuaibisha sote tuliofundishwa kwamba watu wengi maana yake ni ardhi mbovu.

Ngazi kumlipa mtu, hata hivyo, kunategemea kama shamba ni lake. Hili sikufundishwa darasani. Anayelima shamba la kukodi kwa msimu mmoja, kwa nini avunje mgongo kwa tuta litakaloanza kumfaa baada ya miaka mitatu? Nimeona mpangaji akitengeneza shamba lililokuwa jangwa, na mwenye shamba akalirudisha mikononi mwake pindi tu lilipopendeza. Jirani zake wote walijifunza somo siku ile, na halikuwa langu. Tangu hapo, kabla ya kutoa kamba yangu, nauliza nani anamiliki na kwa makubaliano gani. Ni swali la aibu kidogo, lakini huokoa sururu nyingi.

Barabara nitazigusia tu, maana nikianza sitamaliza. Makorongo mengi niliyoyafuata kutoka chini hadi juu nimeyakuta yanaanzia kwenye mdomo wa kalavati. Fundi wa barabara kazi yake ni kuyaondoa maji barabarani, basi; yakishavuka ukingo wa lami yanakuwa ya mtu mwingine. Nikimlaumu sana nakumbuka mtaro wangu wa kwanza, natulia.

Vijana wanaoingia fani hii huniuliza wajifunze programu gani ya ramani. Jifunzeni, zinasaidia kuona bonde zima kwa mara moja. Lakini ramani za miinuko tunazopata bure huwa na vipande vya mita 30 kwa 30, na ndani ya kipande kimoja inaweza kupita njia ya ng'ombe ambayo kesho kutwa ni korongo. Fremu yenye umbo la A bado iko kwenye gari langu: miti mitatu, uzi, na jiwe linaloning'inia. Kuirekebisha ni dakika mbili. Isimamishe, weka alama uzi unapogusa mti wa katikati, geuza miguu ibadilishane mahali, weka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndipo usawa ulipo. Raha yake ni kwamba mwenye shamba anaweza kuishika mwenyewe na kunibishia. Na wananibishia. “Hapo hapapiti maji, mwanangu, yanapita kule kwenye ule mti,” mama mmoja aliniambia uzi wangu ukisema vingine. Tulisubiri mvua. Yakapita kwenye ule mti, kwa sababu kulikuwa na mtaro wa zamani uliofukiwa ambao yeye aliuona ukichimbwa alipokuwa binti.

Lile korongo langu nililirudia. Tulijenga vizuizi vya mawe, vifupi, vingi, katikati ya kila kimoja pameachwa chini kidogo ili maji yapitie hapo yasile kingo. Udongo ukaanza kutuama nyuma yake, nyasi zikashika. Halijafukika lote, na sidhani kama nitaishi kuliona limefukika.

Mwaka juzi yule jirani alinitumia ujumbe. Alitaka kukinga maji ya shamba lake la upande wa pili. Nilipofika nilimkuta na vigingi vimeshachongwa, kamba imeviringishwa vizuri. Nikaelekea juu, kilimani, kama mazoea. Akabaki amesimama.

“Unakwenda wapi? Njoo huku chini kwanza,” akaniita, jembe likielekeza kwenye bonde dogo ambalo tayari alikuwa amelipanda nyasi tangu msimu uliopita. “Yatatokea hapa.”